Steringi wa Pili na Machozi ya Sehemu ya 16

Tahadhari kwanza: miisho itatajwa. Ambaye kati ya tamthilia za Kikorea hajamaliza Reply 1988, Start-Up, Crash Landing on You, Twenty-Five Twenty-One, Jumong au When Life Gives You Tangerines, na hataki utamu uharibiwe, akamalize kisha arudi.

Katika sehemu ya 18 ya Reply 1988, Jung-hwan anatoka mbio kwenye ukumbi wa sinema, anaingia garini na kuelekea kwenye tamasha la muziki ambako Deok-sun, jirani anayempenda kimyakimya miaka yote, amekwenda peke yake. Njiani taa nyekundu inamsimamisha. Anapofika, rafiki yake Taek ameshamtangulia, yuko mbele ya Deok-sun anahema. Jung-hwan anawatazama kwa mbali. Mwanzoni anazilaumu taa za barabarani, kisha anakiri moyoni kwamba taa hazina kosa, kosa ni kusitasita kwake miaka yote ile. Tamthilia hiyo ilirushwa na kituo cha televisheni cha tvN kati ya Novemba 2015 na Januari 2016, na mpaka leo wapo wanaoruka kipande hicho kila wakiirudia kwa sababu hawakiwezi.

Ukilitazama jambo lenyewe kwa macho makavu, hakuna msiba hapo. Hakuna aliyekufa. Deok-sun anaishia kuolewa na Taek, mtu mpole, anayempenda kweli. Ingekuwa ni habari ya majirani, tungesema heri na baraka. Sasa kilio kinatoka wapi?

Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba waigizaji ni wazuri wa sura, au kwamba Wakorea wana huzuni fulani ya kihistoria iliyowakaa damuni. La pili linarudiwa mno na halielezi chochote, maana mtazamaji wa Mwanza au Mombasa hakurithi historia hiyo na bado analia. Jibu liko kwenye ufundi. Tamthilia ya Kikorea inamfanya mtazamaji kuwa shahidi wa mambo ambayo hakuna mhusika mwingine aliyeyaona. Ukishakuwa shahidi wa peke yako, unabeba mzigo wa kujua bila uwezo wa kusema. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya hisia hizi inaeleweka: kumhurumia steringi wa pili (yule anayempenda msichana na kumkosa), hasira ya sehemu ya 13, ule utupu wa baada ya mwisho.

Kwa nini steringi wa pili

Korea yenyewe watazamaji wanauita ugonjwa. Mtu akimzimikia mwanamume ambaye hadithi imeshaamua atakosa, husemwa kwamba ameshikwa na ugonjwa wa steringi wa pili. Dalili zinafanana kila mahali: unajua tangu mapema kwamba hatachaguliwa, unaendelea kumtetea, na anapokataliwa unajisikia kama uliyedhulumiwa wewe.

Jung-hwan ni mfano wa kufundishia. Asubuhi anajifanya anafunga kamba za viatu getini, anafunga na kufungua, ili Deok-sun atoke waende shule pamoja. Ndani ya basi lililojaa anaweka mikono yake pande zote mbili za Deok-sun asibanwe na watu. Usiku hapati usingizi mpaka amsikie msichana amerudi kutoka kujisomea. Kamera inatuonyesha yote hayo tukiwa karibu naye kabisa, wakati Deok-sun anayaona nusunusu, leo anahisi kitu, kesho anakata tamaa. Miaka baadaye Jung-hwan anayataja yote mezani mbele ya marafiki, anatoa na pete yake ya chuo cha jeshi la anga, halafu anageuza maneno yote kuwa utani. Wenzake wanacheka. Anayejua kwamba haukuwa utani ni yeye, na sisi, na labda Deok-sun kwa jinsi macho yake yanavyobadilika. Huo ndio ushahidi ninaousema.

Start-Up ya mwaka 2020 ilikwenda mbali zaidi, na kwa maoni ya wengi ilijikwaa papo hapo. Sehemu ya kwanza inampa Han Ji-pyeong muda mrefu sana: kijana aliyetoka kituo cha yatima bila pa kwenda, bibi anayeuza vitafunwa anampa pa kulala, kisha anamwomba amwandikie barua mjukuu wake Dal-mi aliyebaki mpweke. Ji-pyeong anaandika, lakini anatia jina la mtu mwingine alilolikuta gazetini, Nam Do-san. Do-san mwenyewe, ambaye ndiye steringi halali, tunakuja kumfahamu baadaye. Kufikia hapo mtazamaji ameshampa moyo aliyeandika barua. Sehemu 15 zinazofuata zinajaribu kumwambia auchukue moyo huo na kumpa mwenye jina. Wengi walikataa. Kim Seon-ho, aliyecheza Ji-pyeong, mwaka uliofuata akapewa nafasi ya steringi wa kwanza katika Hometown Cha-Cha-Cha.

Ukiwachunguza masteringi wa pili wanaotesa watu, utakuta mambo matatu yanajirudia. Tunaonyeshwa upendo wao wakiwa peke yao, mahali ambapo hauwaletei faida. Wanatoa bila kudai. Na mara nyingi wao ndio wanaoutambua moyo wao mapema, kabla steringi wa kwanza hajajua anachotaka. Steringi wa kwanza kwa kawaida huanza na kasoro: jeuri, majivuno, ulimi mbaya. Gu Jun-pyo wa Boys Over Flowers mwaka 2009 alianza kama mnyanyasaji wa shule, ilhali Yoon Ji-hu, mpole, alikuwa akimsaidia Jan-di tangu mwanzo. Kasoro hizo ndizo mafuta ya hadithi, kwa sababu mtu mwenye kasoro ana pa kubadilikia. Steringi wa pili anaingia akiwa amekamilika, basi mwandishi hana la kumfanyia ila kumuumiza.

Kuna jambo ambalo mashabiki hawapendi kuambiwa. Steringi wa pili anabaki mtamu kwa sababu upendo wake haujawahi kupimwa. Hatumwoni akichelewa nyumbani, akinuna au akisahau. Steringi wa kwanza anapitishwa kwenye yote hayo mbele ya macho yetu.

Mwanasaikolojia Dolf Zillmann aliwahi kueleza kwamba mtazamaji wa hadithi hukaa kama hakimu: anawapima wahusika kwa matendo yao, kisha anawatakia mema wanaostahili na mabaya wanaostahili. Hadithi ikilipa kinyume cha hukumu hiyo, mtu anaumia. Kwa steringi wa pili, deni halilipwi kabisa, na shahidi wa deni ni wewe.

Ratiba ya sehemu 16

Machozi haya yana ratiba. Umbo lililozoeleka la tamthilia ya usiku ni sehemu 16, mbili kila wiki kwa wiki nane, kila moja dakika 60 hadi 70. Kwa wastani wa dakika 65, jumla ni kama saa 17 na dakika 20. Siku hizi za sehemu 12 zimeongezeka, na za mwishoni mwa wiki za kifamilia hufika 50. Lakini hesabu ya 16 ndiyo iliyotengeneza mapigo ya moyo wa aina hii, na kwa hadithi za mapenzi huwa inakwenda hivi.

Sehemu ya 1 na ya 2 zinawakutanisha na kuacha siri moja bila kujibiwa, mara nyingi jambo la utotoni. Kuanzia ya 3 mpaka ya 6 kuna ukaribu wa lazima: nyumba moja, ofisi moja, mkataba wa uongo. Busu la kweli, lile lisilo la bahati mbaya, hukaa karibu na sehemu ya 7 au 8, yaani katikati kabisa, kwa sababu hapo ndipo mtazamaji wa wiki nane anahitaji sababu ya kubaki wiki nne nyingine. Sehemu ya 9 mpaka 11 ni asali. Ukiona asali imezidi, jiandae. Siri inafumuka kwenye ya 12 au 13, wanatengana kwenye ya 14, ya 15 inapitisha muda wa mwaka mmoja au zaidi kwa maandishi mafupi kwenye skrini, ya 16 inawarudisha.

Ndani ya ratiba hiyo, kugusana kunagawiwa kwa kibaba. Hadithi inayotoa kila kitu sehemu ya kwanza haina cha kuweka akiba. Hapa mkono kugusa mkono chini ya mwavuli ni tukio, kufungiwa kamba ya kiatu ni tukio, kubebwa mgongoni baada ya kulewa ni tukio. Busu likifika linapigwa picha kutoka pembe mbili tatu, polepole, na sehemu inaishia hapo. Sehemu inayofuata mara nyingi inalirudia kwa dakika moja kabla ya kuendelea.

Halafu muziki. Kila jozi hupewa wimbo wake, na nyimbo za tamthilia hutolewa sokoni kidogokidogo wakati hadithi bado inaendelea, wimbo mmoja wiki hii, mwingine wiki ijayo. Wimbo unawekwa kwenye vipande vitamu vya mwanzo mpaka sikio linauzoea. Ukifika kwenye utengano, unarudi ule ule, safari hii kwa piano tupu au kwa sauti ya chini. Macho yanajaa kabla akili haijaelewa ni nini kimetokea. Anayebisha afanye jaribio: achukue kipande kilichomliza, akitazame tena akiwa amezima sauti kabisa. Sura zitabaki nzuri, maneno yatasomeka, na machozi mara nyingi hayaji. Nusu ya kazi ilikuwa ya masikio.

Chombo cha mwisho, na kwangu ndicho kikali kuliko vyote, ni kurudisha tukio lile lile kutoka upande wa pili. Katika Crash Landing on You, Yoon Se-ri, tajiri wa Korea Kusini, aliwahi kwenda Uswisi akiwa amekata tamaa ya kuishi, akasikia piano ikipigwa kando ya ziwa, na ule muziki ukamshika asijidhuru. Baadaye sana hadithi inatuonyesha aliyekuwa akipiga: Ri Jeong-hyeok, mwanajeshi wa Korea Kaskazini atakayekuja kuwa mpenzi wake, akimlilia kaka yake aliyefariki. Walikuwa wameshaokoana kabla ya kujuana. Hakuna jipya lililotokea kwenye hadithi wakati tunalijua hilo. Kilichobadilika ni ushahidi wetu tu, na watu walilia. Kijiji cha Iseltwald, penye gati la kipande hicho, kilivamiwa na mashabiki mpaka mwaka 2023 kikaweka geti la kulipia faranga 5 kwa anayetaka kusimama pale apige picha.

Kiazi kikavu na soda

Watazamaji wa Korea wana istilahi ya jikoni kwa hasira ya tamthilia. Kipande kinachokera, ambapo mtu anaficha ukweli bila sababu au adui anatamba bila kuguswa, wanakiita kiazi kitamu, kwa jinsi kiazi kikavu kinavyokwama kooni bila cha kushushia. Kipande cha kulipiza au kusema ukweli wanakiita saida, ile soda yao nyeupe. Mtazamaji wa huko anaweza kuhukumu sehemu nzima kwa maneno hayo mawili.

Kiazi kikubwa kuliko vyote ni kile cha kumwacha umpendaye kwa faida yake. Mama wa kijana tajiri anamwita msichana mgahawani, anasukuma bahasha mezani, na msichana anaondoka bila kumwambia mpenzi wake sababu. Au mgonjwa anaficha ugonjwa. Watu wanarusha mto kwenye televisheni hapa, na sababu ni ile ile: sisi tulikuwepo mgahawani, yeye hakuwepo. Neno moja lingetosha kumaliza yote, na tunalo sisi tusioweza kulisema.

Mbona waandishi wanaendelea? Kwa sababu hasira ina matumizi. Zillmann huyo huyo, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, alionyesha kwamba msisimko wa mwili haupoi mara moja. Moyo ulioenda mbio kwa hasira unabaki na moto, na hisia inayofuata inaupokea moto huo na kuonekana kubwa kuliko ambavyo ingekuwa. Kumbatio la sehemu ya 16 linatuyeyusha kwa nguvu iliyokopwa kwenye ghadhabu ya 14. Kipimo kikikosewa, mkopo haulipwi. Kiazi kikidumu sehemu nne mfululizo bila tone la soda, mtu hafiki kwenye kumbatio, au anafika akiwa ameshachoka na wote wawili. Upande mwingine wa mizani ipo The Glory, iliyotolewa sehemu 8 tarehe 30 Desemba 2022 na nyingine 8 Machi 2023. Kisasi chake kinalipwa awamu kwa awamu, adui mmoja baada ya mwingine, na nusu ya kwanza ya ukatili ndiyo inayoipa nusu ya pili ladha.

Mashabiki hapo huwa wanamtukana mwandishi, na kwa Korea angalau wanajua wamtukane nani. Tamthilia nzima kwa kawaida huandikwa na mtu mmoja au jozi, na majina yao yanauza kama ya waigizaji: Kim Eun-sook wa Goblin na The Glory, Park Ji-eun wa Crash Landing on You na Queen of Tears, dada wawili Hong, Lee Woo-jung wa mfululizo wa Reply. Ni wanawake wote hao, na hilo linaeleza mengi kuhusu wanaume wao. Ri Jeong-hyeok anakumbuka kila neno aliloambiwa kwa sababu kuna mtu anayemwandikia kumbukumbu. Anayemlinganisha mume wake na mhusika huyo anamlinganisha na maandishi yaliyosahihishwa mara kumi.

Zamani kelele za mashabiki zilikuwa na nguvu. Upigaji picha ulikwenda sambamba na urushaji, waigizaji wakipokea kurasa chache asubuhi kwa ajili ya sehemu ya wiki hiyo hiyo, basi mwandishi aliweza kugeuza njia. Ndiyo maana tamthilia nyingi za zamani zinayumba baada ya sehemu ya 12. Descendants of the Sun ya mwaka 2016 ilirekodiwa yote kabla ya kurushwa, na sheria ya saa 52 za kazi kwa wiki, iliyoanza kutumika kwa hatua tangu Julai 2018, ikasukuma kampuni nyingi kwenye mkondo huo. Kwa nyingi za leo, ukianza kulalamika sehemu ya 10, hadithi imeshafungwa kabatini.

Sauti ya mtafsiri

Hapa kwetu kuna jambo la ziada. Wengi wa Tanzania walizijua sizoni za Kikorea kwa DVD zilizotafsiriwa, mtafsiri mmoja akisema juu ya sauti zote, mwanamume na mwanamke, mfalme na mtumwa, huku akiongeza vionjo vyake. Ni sanaa kamili, lakini inabadilisha hisia. Mtafsiri hapendi ukimya. Kipande ambacho kule kwao ni sekunde 20 za macho na piano, kwenye DVD kinajazwa maelezo na mzaha. Ndiyo sababu aliyetazama Jumong kwa njia hiyo atakusimulia vita na vituko, na pengine hakumbuki sana mwisho wake: sehemu 81, halafu Soseono, aliyejenga ufalme pamoja na Jumong, anaondoka na wanawe kwenda kusini kwa sababu mke wa kwanza na mtoto wamerudi. Mwenye kutazama kwa maandishi ya chini anaondoka pale na donge.

Maandishi nayo yana upungufu wake. Kikorea kina ngazi za heshima ndani ya kitenzi, na wapenzi wanapoacha lugha ya heshima na kuanza kuongea kirafiki, kule ni hatua kubwa kama busu. Kwenye tafsiri haionekani. Namna ya kuikamata bila kujua lugha ni kusikiliza miisho ya sentensi: ile silabi ya “yo” iliyokuwa ikifunga kila sentensi ikitoweka ghafla, tazama uso wa anayeambiwa.

Arosto

Mwaka 1956 watafiti wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu uhusiano wa upande mmoja kati ya mtazamaji na mtu wa kwenye skrini: mtazamaji anamjua, anamzoea, anamsubiri, na yule wa skrini hajui kama yupo. Waliwazungumzia watangazaji wa vipindi, lakini utafiti uliofuata uliingia kwa wahusika wa hadithi. Mwaka 2006 Keren Eyal na Jonathan Cohen walichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi waliokuwa wametazama mwisho wa tamthilia ya Marekani, Friends. Waliona kwamba maumivu ya kuachana na mhusika yapo kweli, ila ni mepesi kuliko ya kuachana na mtu halisi, na kwamba yanazidi kadiri mtu alivyomzoea mhusika anayempenda. Upweke pia ulikuwa na mchango.

Tamthilia ya Kikorea inayaongeza maumivu hayo kwa umbo lake. Friends ilikwenda misimu kumi. Hii inakupa saa 17, unazimaliza kwa siku nne, na mlango unafungwa moja kwa moja, maana msimu wa pili ni nadra. Mashabiki wa Moon Lovers wamekuwa wakiuomba tangu 2016. Ule utupu wa siku mbili tatu, ambao vijana wanauita arosto, unatokana na hapo: uliishi na watu kila usiku, wameondoka wote kwa mpigo, na waliokuzunguka hawakuwajua. Umebaki na ushahidi usio na wa kumpa.

Kwa anayetaka kuupunguza, yapo mambo yanayofanya kazi. La kwanza ni kutokuishia pale sehemu inapoishia. Dakika ya mwisho imetengenezwa kukunyima usingizi, na jibu lake kwa kawaida linatolewa ndani ya dakika kumi za kwanza za sehemu inayofuata. Kwa hiyo endelea mpaka dakika ya 20 au 25 ya sehemu mpya, mambo yakiwa yametulia, halafu zima hapo katikati. Kwenye Netflix, ingia kwenye akaunti kupitia kivinjari, fungua wasifu wako, nenda kwenye mipangilio ya uchezaji na uondoe alama inayoruhusu sehemu inayofuata ijianzishe. Ukiacha alama ile, uamuzi wa saa nane usiku unafanywa na mashine.

La pili ni saa ya kutazama mwisho. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2015, ambao Ad Vingerhoets alishiriki, uliwaonyesha watu filamu za kuhuzunisha na kuwapima mara baada ya filamu, dakika 20 baadaye na dakika 90 baadaye. Waliolia walikuwa na hali mbaya zaidi mara tu filamu ilipokwisha. Dakika 20 walikuwa wamerudi walipokuwa, na dakika 90 walijisikia vizuri kuliko kabla ya kuanza. Maana yake kwa mtazamaji ni rahisi: sehemu ya 16 isianze saa tano na nusu usiku siku ya kazi. Inaisha saa sita na nusu ukilia, unalala ndani ya zile dakika mbaya, na nafuu haikukuti macho. Ianze saa mbili.

La tatu, usikimbilie tamthilia nyingine ya mapenzi ya mwigizaji yule yule. Utaitazama ukimtafuta aliyeondoka, na yule mpya atapungukiwa kila saa kwa kosa lisilo lake. Video za nyuma ya pazia zinasaidia zaidi, zile ambazo aliyekufa sehemu ya 15 anaonekana akila tambi na kucheka kwenye kiti cha plastiki. Zinamtenganisha mwigizaji na mhusika, na utengano huo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Waliocheza maadui hutukanwa kwa dhambi za karatasi. Na waliocheza wapenzi hulazimishwa kuoana: Hyun Bin na Son Ye-jin wa Crash Landing on You walioana kweli Machi 2022, mashabiki wakashangilia kama ndugu wa bi harusi, ila Song Joong-ki na Song Hye-kyo wa Descendants of the Sun walioana Oktoba 2017 na kuachana 2019, na wapo waliolichukua kama msiba wa nyumbani.

Huzuni iliyoandaliwa na ile ya kuporwa

Miisho ya huzuni haifanani. When Life Gives You Tangerines, iliyotolewa Machi 2025 sehemu nne kila wiki kwa wiki nne, inamwua Gwan-sik baada ya kutupitisha maisha yake yote na mkewe Ae-sun kwenye kisiwa cha Jeju, pamoja na kifo cha mtoto wao mdogo siku ya dhoruba. Watu walilia mpaka macho yakavimba, lakini hawakukasirika. Hadithi iliyoanza na ujana na kuahidi majira manne ya mwaka lazima ifike majira ya baridi.

Twenty-Five Twenty-One ya 2022 ilileta ghadhabu. Na Hee-do na Baek Yi-jin waliachana, wakabaki hivyo. Ushahidi ulikuwepo tangu mwanzo, maana tunaisoma hadithi kupitia shajara ya Hee-do mikononi mwa binti yake, na binti anaitwa Kim Min-chae. Jina la ukoo, ambalo kule hutangulia, si Baek. Mashabiki waliliona jina hilo wakalitafutia maelezo ya kila aina kwa wiki nane. Kuna waliosema wameporwa. Mimi naona waliandaliwa wakakataa kuandaliwa, ingawa ni kweli kwamba sehemu ya mwisho iliwaachanisha kwa haraka mno, kana kwamba mwandishi alikuwa na gari la kuwahi. Kipimo ni kurudi sehemu ya 1 baada ya kumaliza. Kama mwisho umepandwa pale, kwa jina, kwa kitu, kwa umri wa anayesimulia, basi ni huzuni iliyoandaliwa na itapoa. Kama haupo popote, hasira yako ina haki.

Kifo cha Gu Seung-jun katika Crash Landing on You kinakaa katikati. Tapeli huyu alikuwa njiani kuondoka nchini akageuza kumwokoa mpenzi wake Seo Dan, akapigwa risasi. Steringi wa kwanza na mpenzi wake wakapewa wiki mbili kila mwaka Uswisi, jozi ya pili ikapewa jeneza. Hesabu ile ya hakimu haikubali, na sijaona maelezo ya mwandishi yanayoweza kuikubalisha.

Anayetaka Kikorea chenye machozi ya kiasi, bila kiazi kirefu na bila steringi wa pili wa kumkesha, ajaribu Hospital Playlist ya mwaka 2020, sehemu 12. Ilirushwa moja tu kwa wiki, wagonjwa wake wengi wanaanza na kumaliza hadithi yao ndani ya sehemu ile ile, na msimu wa pili upo.